Tangi la Nahodha

Apa kwanza. Apa kwa mama yako kwamba neno hili halitatoka kinywani mwako. Umeapa? Vizuri, maana na mimi niliapa vivyo hivyo mbele ya mama mkwe wa Nahodha, mkono kifuani, na kabla sijafika kwangu nilikuwa nimeshawapitia majirani wawili. Siri ya namna hii ukikaa nayo peke yako inakuvimbisha tumbo.

Ilianza na chai. Mke wa Nahodha aliipika asubuhi kama kawaida, mama yake akanywa funda moja, akaitema kwenye kisahani. Ina chumvi. Binti akasema ametia sukari, mama akamwambia basi uzee umemruka yeye umemkamata mtoto. Wakapika nyingine, chumvi. Wakaonja maji ya tangi, lile la saruji nyuma ya jiko linaloilisha nyumba nzima: chumvi, na shombo juu yake.

"Mkwe wangu, umerudi na bahari mfukoni?" mama mkwe akauliza.

Walicheka wote. Nahodha alicheka nusu, akaondoka kwenda kazini na ndala za kuogea.

Jina la Nahodha alipewa na mama mkwe huyo huyo, kwa kuwa kazi yake ni kwenye ile ofisi inayotafuta sehemu za bahari wanakozaliana samaki, ili zihifadhiwe. Chewa, wale samaki wakubwa wa miambani, wakikusanyika kutaga hunguruma. Basi ofisi ina chombo cha kunasa sauti, kama chupa nene hivi, rangi ya chungwa. Unakizamisha kwenye mwamba, unakiacha siku kadhaa, unakitoa, wakubwa wanasikiliza. Mwamba unaonguruma unaingia kwenye hifadhi. Ulio kimya unaachiwa meli za kukokota nyavu, na zikishapita hapo usiulize kilichobaki.

Sasa hili ndilo uliloapia. Nahodha anaogopa maji. Mwaka uliopita boti ilipinduka naye, akanywa bahari hadi akaona marehemu wake wanampungia mkono, na tangu siku hiyo akisikia wimbi anageuza njia. Kusema ofisini aliona haya, na kusema nyumbani, kwa jina lile, ndiyo kabisa. Alipopangiwa mwamba wa mwisho, ule wa mbali, alimwambia mwendesha boti safari imefutwa, akazunguka uchochoroni, akakizamisha chombo kwenye tangi la nyumbani. Kisha akapeleka ofisini ukimya wa tangi, akasema ndio ukimya wa mwamba.

Na alijua chewa wako. Siku ile kabla boti haijapinduka, aliwasikia mwenyewe juu ya mwamba ule ule, ngurumo ikipanda kwenye mbao mpaka kwenye visigino vyake. Hilo ndilo lililomla. Akiona samaki kwenye sahani anasema ameshiba.

Baada ya chai ya chumvi, bomba likaanza kuhema. Mkewe aliosha nywele akatoka na magamba kichwani, madogo, yanang'aa, akaja kumnong'oneza: "Baba, mle tangini mna mtu." Akamjibu ni kutu. Lakini alipoingia kuoga yeye, sabuni usoni, macho amefumba, alisikia kitu kinakuja kwa mbali ndani ya ukuta, taratibu, kinapita chini ya sakafu, kinapanda kwenye visigino, kwenye goti, kwenye mbavu, vuuum, kikanyamaza, kikarudia, kama mtu anayegonga mlango na anajua mwenye nyumba yumo, naye akasimama pale na povu likimkaukia mwilini asithubutu kufungua maji wala kufungua macho, kwa sababu shombo lilikuwa limeshamfika puani na lilikuwa na pumzi.

Mkuu wa ofisi, mama mmoja asiyeamini ukimya hata wa mtoto aliyelala, akaagiza mwamba ule usikilizwe tena kabla ya mkutano wa kupitisha ramani ya hifadhi. Nahodha akaipokea nafasi hiyo kwa mikono miwili. Alifika mpaka kwenye gati, akatia mguu kwenye boti, boti ikayumba. Akarudi uchochoroni. Wanasema alilia njia nzima, na bado alikizamisha chombo tangini.

Mama mkwe akachoka, akamwita mganga. Mganga akaja mchana, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, majirani wakajaa sebuleni, na usiniulize nilikaa wapi. Akaonja maji, akayashika mdomoni muda mrefu kabla ya kuyameza.

"Huyu hakuvamia," akasema. "Ameitwa. Mmemtegea sikio humu ndani, naye amekuja kusikilizwa."

Kabla mtu hajauliza, hodi mlangoni: mkuu wa ofisi, na nyuma yake mwendesha boti, ambaye alikuwa amemweleza kwamba boti haijatoka gatini tangu mwanzo wa mwezi. Mkuu anataka chombo chake.

Nahodha akaponyoka kwa mlango wa jikoni mpaka kwenye tangi. Akasukuma mfuniko wa bati, akatumbukiza mkono mpaka kwapani, akapapasa, akakipata, na alipovuta, kitu kikamshika kifundo cha mkono, baridi, bila nguvu nyingi, kama unavyomshika mtu uliyemngoja, na hapo hapo tangi likanguruma mpaka vyombo vikatembea kwenye kabati na watu wote wakamiminika uani, mkewe, mama mkwe, mganga, majirani, mkuu na mwendesha boti wake, wakamkuta shavu limebanwa kwenye saruji, anasema hakuna kitu, hakuna kitu.

Mkono wake ukapanda. Si yeye aliyeupandisha. Ulinyooka juu mbele ya kila mtu, chupa ya chungwa kiganjani, na kwenye kifundo chake vidole vingine vyeupe, vyenye vitundu kama matumbawe yaliyokufa.

"Hao ni chewa," mkuu akasema polepole. "Chombo ulikizamisha wapi?"

"Sikwenda," Nahodha akanong'ona. "Mwamba haukuwa kimya. Mimi sikwenda."

Vile vidole vikamtikisa kidogo, kama unavyomtikisa mtoto aliyejibu kwa sauti ndogo. Akarudia, kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani.