Simu Iliyotoka Kisimani

Fundi alikuwa amezizoea simu za maji. Za chooni, za mtoni, za kwenye beseni la nguo, zote zilipita mikononi mwake, na waliozifukia kwenye mchele aliwacheka: "Mchele kaupike, simu niletee mimi." Lakini hii ya mjane alikuwa ameifuta tangu asubuhi, akaipuliza, akaisugua kwa brashi na spiriti, na kila alipoinua kitambaa aliikuta imelowa tena.

"Ilikaa kisimani muda gani?"

"Haikukaa. Ilinichopoka nikivuta ndoo, nikaiopoa na ndoo hiyohiyo." Mjane alikuwa amekaa ukingoni mwa benchi, hajaegemea. "Kaka yangu, marehemu mume wangu alinirekodia sauti yake humo kabla hajafa. Sina nyingine."

"Tutajaribu, dada. Mungu si Athumani."

Akachomoa betri na laini, akaviweka juu ya rafu. Maji yakazidi kutoka kwenye tundu la chaja, yakinuka matope na marashi. Nje jua la saa saba lilichoma mabati. Ndani ya kibanda, pumzi ya fundi ilianza kutoka kama moshi.

Ndipo simu ikaita. Haina betri, haina laini, kioo cheusi tii, nayo inaita.

"Usiiguse," fundi akanong'ona.

"Tausi," ikasema sauti ya mwanamume. "Tausi wangu, niitikie. Huku baridi."

Mjane akainuka. "Ni yeye! Jina hilo la chumbani, hakuna mwingine alijuaye." Akafungua kinywa aitike. Fundi akamrukia, akamziba kwa kiganja.

"Mumeo alizama?"

Akatikisa kichwa. Alikufa kitandani, kwa homa.

Fundi akampigia shangazi yake, mganga wa mtaa wa nyuma. Shangazi alifika akihema, akasimama mlangoni, akanusa, asiingie.

"Ameitika?"

"Bado, shangazi."

"Basi mna bahati. Kisima kina mwenyewe, na mwenyewe anatafuta sauti. Tumrudishie simu yake. Tangu hapa mpaka tuimwage na turudi tena barabarani, asiseme mtu hata neno."

Wakaibeba ndani ya ndoo kavu, na kabla hawajavuka uchochoro wa kwanza ndoo ilikuwa imejaa nusu, na sauti ile ikawa inabembeleza, kisha inalia, kisha inamwita mjane kwa mambo ambayo mke na mume huambiana taa zikizimwa, naye anatembea ameuma kanga kwa meno, machozi yanamchuruzika, fundi amemshika kiwiko, na shangazi mbele anasoma dua zake kimoyomoyo, haraka haraka, bila kugeuka nyuma.

Wakaimwaga kisimani. Wakakokota mfuniko wa zege juu ya kisima. Kimya.

Shangazi akaashiria waondoke. Mjane akainama, akaweka kiganja juu ya zege.

"Kwaheri, mume wangu," akanong'ona.

Shangazi akafumba macho.

Chini kabisa mwanamume akaita, "Tausi!" Na sauti ya mwanamke ikamjibu, laini, yenye furaha: "Abee!"

Fundi akageuka kumtazama mjane. Kinywa chake kilikuwa wazi, mishipa ya shingo imemtoka. Alikuwa akipiga mayowe kwa nguvu zake zote, na hakikutoka kitu.