Fundo la Mkono wa Kushoto

“Nifungulie hili gauni, Nazario. Sitoki nalo.”

“Cora, usinifanyie hivyo. Mwalimu Loredana ameshatangaza jina lako.”

“Basi atangaze la mwingine.”

Walikuwa nyuma ya pazia, uwanja wa kanisa, na sisi mji mzima tumekaa mbele tukisubiri maonyesho ya wanafunzi. Kipindi chote cha baridi darasa lao lilikuwa likiokota takataka ufukweni kila Jumamosi na kuzigeuza vitu: taa za chupa, viti vya maboya. Nazario alishona gauni zima kwa nyavu za kufugia kome, zile nyembamba ndefu kama soksi ambazo wafugaji huzijaza kome wachanga, wakazifunga fundo na kuzining'iniza baharini. Kome wakishavunwa, soksi inatakiwa irudi nchi kavu. Wengi wanaikata na kuiacha iende na maji. Tunajua wote, na kome tunakula.

“Nimelishona kwa ajili yako,” Nazario alisema. “Umeona hapa kifuani? Haya mafundo nimeyachagua moja moja. Yamezunguka upande wake peke yake, hayafanani na ya mtu yeyote. Ni mazuri kuliko yote niliyookota.”

Cora akayagusa. Machozi yakamlengalenga.

“Kama unanipenda, nifungulie.”

“Na wewe kama unanipenda, toka. Septemba tunakwenda chuo cha sanaa mjini Lecce, mimi na wewe. Wanaochagua wamekaa pale mbele. Bila hili gauni hawanichukui.”

Binti akajifuta uso, akatoka.

Alipendeza, niseme ukweli, na makofi yalipigwa. Kisha Costanzo, mfugaji wa kome ambaye mdomo wake hauna breki, akainuka na glasi yake ya divai, akasogea hadi jukwaani.

“Hebu geuka, mwanangu. Hayo mafundo ni ya mtu wa mkono wa kushoto.” Akamtafuta baba yake Cora, mfugaji mwenzake, kwa macho. “Primiano, hapa kwetu anayefunga soksi kwa kushoto ni nani, kama si binti yako?”

Watu wakacheka, halafu wakanyamaza, maana afisa wa bandari, anayesimamia vibali vya kufuga kome, alikuwa kiti cha mbele. Na Primiano ndiye aliyekuwa akituapia kwenye baa kwamba takataka zote zinatoka kwa Waalbania, ng'ambo ya bahari.

Mzee alisimama, akavaa kofia yake.

“Cora. Twende nyumbani.”

Nazario akawakimbilia hadi kwenye gari.

“Mzee, nisamehe. Sikujua.”

“Wewe hukujua, kijana. Yeye alijua.”

Nazario akamtazama mpenzi wake.

“Ulijua?”

“Tangu fundo la kwanza. Nayafunga tangu utotoni, nitaachaje kuyajua?”

“Tumekaa meza moja miezi yote hii, Cora. Ungeniambia.”

“Ningekwambia, ungenitazama hivi unavyonitazama sasa.”

“Jumamosi unaokota na mimi, Jumatatu unarudi kuyafunga.”

“Mimi nafunga tu. Anayekata na kuacha ni baba. Na ni baba yangu, Nazario, nifanyeje?”

Primiano alinyang'anywa kibali cha kufuga kome hadi mwisho wa mwaka. Vibarua wake wakahamia kwa Costanzo, ambaye naye anatupa kuliko yeyote. Nazario alichaguliwa. Gauni lilisifiwa sana, hasa kifuani. Siku moja kabla ya safari alimwandikia Cora:

“Basi la Lecce ni kesho asubuhi. Nafasi yako bado ipo.”

“Baba kabaki peke yake.”

“Kwani Costanzo hatupi? Mbona hakuguswa?”

“Kwa sababu hakuna aliyeyapenda mafundo yake.”

Nazario alilia, mama yake alimsikia. Lakini alipanda basi.

Mwaka mpya Primiano alirudishiwa kibali, na Cora akatuma ujumbe mmoja: “Nakuapia, hatutupi tena hata moja.” Kijana aliusoma akaanza kutumaini upya, masikini. Pasaka akarudi nyumbani. Jumatatu yake, badala ya kwenda kuchoma nyama na wenzake, alishuka ufukweni na darasa jipya la Mwalimu Loredana. Dhoruba ilikuwa imetoka kupita. Akainama, akaokota, akapiga simu.

“Cora, nimeokota soksi. Mpya kabisa, rangi haijafifia. Fundo ni lako.”

Upande wa pili injini ya mashua ilisikika.

“Uliniapia. Mwambie baba yako...”

“Baba mgongo umekwisha. Hajapanda mashua tangu Februari.”

“Sasa nani anakata?”

“Upepo ukianza na mashua imejaa, unachagua moja, Nazario. Unarudi na kome, au unarudi na nyavu.”

“Nimekuuliza nani anakata.”

“Mimi,” alisema Cora. “Usinipigie tena. Huku nikiwa na simu mkononi siwezi kazi.”

Nazario alisimama pale na simu yake hadi Mwalimu Loredana akamwita. Mbele yake ufuko ulikuwa umetapakaa soksi, na mengi ya mafundo yalizunguka upande ule ule. Akaanza kuzitia kwenye mfuko wa taka pamoja na chupa na maboya. Safari hii hakuchagua.