Mke wa Mtu wa Makoko

Mwaka 1984 sabuni ilikuwa adimu kuliko mvua. Foleni ilianzia mlangoni mwa duka la ushirika, Musoma mjini, ikakunja kona hadi stendi. Eufrasia, mkuu wa wahudumu wa makao ya wazee ya misheni pale Makoko, alikuwa amesimama tangu alfajiri, sare yake ya bluu imelowa jasho mgongoni, akiwaza mashuka ya wazee kumi na wanane. Ghafla jamaa mrefu mwenye vumbi la pamba nyweleni akajipenyeza mbele yake.

"Kaka, hii ni foleni, siyo mlango wa baa!"

"Mimi nilikuwaga hapa, dada. Nilienda kuegesha gari."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

Eufrasia alikasirika mpaka akacheka, na cheko hilo ndilo lililomponza. Jamaa aliitwa Mseti, dereva wa lori la pamba kutoka Bunda. Akawa anapiga simu makaoni kila Jumatano.

"Malaika wangu, umekula?"

"Nile nini, na mchele hauonekani? Sema haraka, Bibi Wegesa anataka kugeuzwa."

"Kila siku Bibi Wegesa!"

Bibi huyo alikuwa amepooza miguu. Mchana kutwa aliwekwa kwenye kiti ofisini, kando ya simu.

Mseti akaahidi kuja Jumapili, ana jambo. Eufrasia akavaa kitenge cha njano, akangoja mpaka jua likazama. Hakuja. Simu nayo kimya. Wiki ya tatu uvumilivu ukamwisha. Akaomba lifti hadi Bunda, akamkuta mvunguni mwa lori.

"Toka huko!"

Mseti akatoka, uso umejaa grisi. "Mke wa mtu amefuata nini huku?"

"Mke wa nani?"

"Nilipiga simu, bibi mmoja akapokea. Akasema umeolewa Butiama, una watoto wawili."

"Na wewe ukaamini! Hata kuja kunitukana umeshindwa?"

"Niliogopa kukuta ni kweli."

Eufrasia akamvuta mkono, wakarudi Makoko pamoja. Bibi Wegesa alipowaona akajifunika kanga usoni.

"Ndiyo, ni mimi. Wenzako wananigeuzaga kama gunia la muhogo. Akikupeleka Bunda, nitaoza upande mmoja."

"Bibi, si ungeniuliza!"

"Ungeniambia ukweli, ningelia."

Mseti akachuchumaa mbele ya kiti.

"Bibi, nani kasema nampeleka Bunda? Lori linalala popote. Nitapanga chumba hapa hapa." Akamgeukia Eufrasia. "Jumapili ile nilitaka kukuomba unioe… aah, nikuoe!"

"Unaniposa mbele ya beseni la mkojo?"

"Nimechoka kungoja mahali pazuri."

"Haya, nimekubali. Sasa nipishe, wazee hawajala."

Walifunga ndoa Desemba. Bibi Wegesa aliishi miaka mitatu zaidi, na siku Eufrasia alipomwosha kwa mara ya mwisho, mgongo ule haukuwa na kidonda hata kimoja.