Kinyozi Aliyefungiwa Ukurasa

Jumamosi hiyo foleni ya maktaba ilifika mlangoni, na kinyozi alikuwa amekasirika hata kabla hajafungua mdomo. Alikuwa amefunga kazi na kuvuka mji mzima kufuata riwaya moja, kumbe imeshaazimwa. Nyuma ya kaunta alikaa mkutubi, gauni la kijani, miwani ameipandisha kwenye nywele, naye siku hiyo alikuwa na hasira zake.

"Mngetangaza mapema, dada, nisingefunga kazi."

"Ungeuliza kwenye ukurasa wetu, kaka, ningekujibu. Hiyo simu mkononi ni ya kujipepea?"

Foleni ikacheka. Kinyozi naye akacheka, ikamponza.

Ukurasa huo wa mtandaoni mkutubi aliufungua mwenyewe, baada ya kumbembeleza mkuu wa maktaba mpaka akachoka. Alipiga picha rafu za vitabu vipya, aliwauliza wasomaji wanataka nini, na kila aliyeuliza alijibiwa. Watu walibishana humo juu ya vitabu kama washabiki wa mpira. Kinyozi ndiye aliyekuwa msumbufu kuliko wote, maana hakuna hadithi ambayo mwisho wake ulimridhisha. "Maktaba inakuomba umalize kitabu kabla ya kukitukana," mkutubi alimwandikia. Kutoka ukurasani walihamia kwenye simu, na kutoka kwenye simu wakaanza kutembea pamoja jioni.

"Maktaba imekula?" kinyozi angeuliza.

"Maktaba ina njaa, mpenzi, na wewe umechelewa."

Mwaka ulipotimia, shangazi yake kinyozi alishaanza kuulizia siku ya harusi.

Ndipo kinyozi akaandika ukurasani, bila kumwambia mtu, kwamba maktaba inafunga milango saa ileile watu wanapotoka kazini. Sasa maktaba ni ya nani, aliuliza. Kabla ya mchana ukurasa ulifurika watu wanaomuunga mkono. Mkuu wa maktaba alimwita mkutubi na kumwamuru afute yote. Mkutubi alikataa. Alimwambia watu hawa hawatutukani, wanataka kuingia, tuwajibu.

Mimi sina subira na wakubwa wa namna hii. Wanataka wasomaji, lakini si wasomaji wenye midomo. Huyu hajawahi kuandika hata salamu pale, lakini alimnyang'anya mkutubi neno la siri, akaketi na kumjibu kinyozi kwa jina la maktaba: "Maktaba si kijiwe cha vinyozi. Nyoa vichwa, vitabu waachie wenyewe." Kisha akafuta malalamiko yote, na kinyozi akamfungia asiandike tena.

Kinyozi aliyasoma maneno hayo mashine ikiwa mkononi, kichwa cha mteja kimenyolewa nusu. Alijua ni mtu mmoja tu anayejibu kwa jina la maktaba. Akampigia simu.

"Kumbe ndivyo unavyoniona," alisema. "Ungeniambia mapema nisimsumbue shangazi yangu."

Mkutubi ndiyo kwanza alikuwa ametoka ofisini kwa mkuu. Angeweza kusema tu kwamba si yeye, mambo yakaisha. Lakini kilichomchoma hakikuwa tusi.

"Mwaka mzima nakuandikia asubuhi na jioni," alisema. "Umesoma maneno yale, ukaona ni yangu?"

"Nani mwingine anaandika pale?"

Mkutubi akakata simu, na hakuipokea tena.

Kinyozi alinuna mpaka wateja wakaogopa kukaa kitini. Mwishowe akaanza kusoma upya majibu yote ya mkutubi, akitafuta dharau. Hakuipata. Mtu mmoja alikuwa ameulizia kitabu ambacho jina lake amelisahau, anakumbuka tu kwamba jalada lina mbwa, na hata huyo mkutubi alimtafutia kwa upole mpaka kikapatikana. Kinyozi akajua yale ya vinyozi hayakuwa maneno yake, akaona aibu. Alitaka kuomba radhi palepale ukurasani, lakini alikuwa amefungiwa. Ikabidi aupeleke mdomo wake mwenyewe.

Alivaa shati lililopigwa pasi, akapanga foleni kama wengine. Mkuu wa maktaba alikuwa amesimama kando ya kaunta, maana malalamiko yaliyofutwa mtandaoni sasa yalikuwa yanaletwa kwa miguu.

"Sikuja kuazima," kinyozi alisema, na ukumbi mzima ukasikia. "Nimekuja kusema nilikosa. Nilichukua maneno ya mtu mwingine nikakubandikia wewe. Nisamehe. Na kama bado unanitaka, nataka kukuoa."

Mkuu alikohoa, akasema hapa si mahali pake. Mkutubi alimgeukia yeye kwanza.

"Mzee, yale maneno ni ya nani?"

Mkuu alitazama sakafu. "Yangu," alisema.

"Basi yatie jina lako, au unirudishie ukurasa niwajibu hawa watu."

Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alisema naye anasubiri jibu la saa za kufunga. Watu wakasogea karibu. Mkuu aliinama, akamnong'oneza mkutubi lile neno la siri, akarudi ofisini kwake.

Mkutubi akamtazama kinyozi, macho mekundu.

"Nitaolewa na wewe," alisema. "Nakupenda, hilo halina mjadala. Lakini nimekasirika, na hasira hizi haziishi leo wala kesho. Ukae nazo."

"Nitakaa nazo."

"Haya, pisha foleni. Kuna watu wanasubiri vitabu."