Mwenye Chungu

Asubuhi moja Nicanor alimkuta yule mwanamke wa picha ya ukutani amegeuza uso. Jana yake alikuwa akiwapakulia wasafiri supu kando ya barabara, huko kwao Japani. Sasa alimtazama Nicanor, upawa mkononi, pua kaikunja.

"Unanidharau mimi?" Nicanor akacheka. "Haya, karibuni nyote mle."

Angekuwa na akili angenyamaza, ila Nicanor na akili hawakuwahi kupanga nyumba moja. Picha yenyewe, ya kuchapwa kwa ubao, aliinunua kwa Mjapani aliyekuwa akihama Jinja, akaitundika hotelini kwake ili wateja watazame ukuta badala ya sahani. Maana alikuwa akipasha viporo, akivifunika kwa mchuzi mpya, na kuwalisha madereva wa malori kutoka Kenya, watu wa kwao hasa, maana naye alitoka huko. "Msafiri hula akaenda zake," ndiyo ilikuwa dini yake. Desturi ya huku, mpakuaji huonja kwanza mbele ya mgeni, mgeni aone hakuna ubaya. Kazi hiyo Nicanor alimwachia mkewe, Eucabeth. Yeye alikula chapati kwa jirani. Mwanamume mzima.

Siku ile ile Eucabeth alionja mchuzi, akautema. Akajaribu ugali, akautema. Hata chai.

"Baba Mitchelle," alinong'ona, "kila kitu kinanuka mzoga."

Kabla ya wiki kwisha alikuwa amebaki mifupa, hawezi kusimama. Na mchana, hoteli ikiwa tupu, vilisikika viatu vya mbao vikipita kati ya meza, kisha mabakuli yakigongwagongwa, kisha harufu ya nyama iliyoshinda juani ikatambaa hadi chumbani alikolala mgonjwa, na Nicanor alipofunga mlango ikapita chini yake, na alipokimbilia ukutani akawakuta wasafiri wote wamesogea hadi kwenye kioo cha picha, wamekunja pua, wanamtazama yeye, kana kwamba yeye ndiye aliyeoza.

Akaenda Mbale, Namakwekwe, kwa Mzee Muzafaru, mtoa majini.

"Uliwakaribisha?" mzee akauliza.

"Kwa mzaha tu, mzee wangu."

"Chakula hakina mzaha. Wapikie kipya, uonje wewe mwenyewe mbele yao, umeze. Ukiwalisha vizuri wataondoka. Ukiwalisha vibaya, angalau watajua mwenye chungu ni nani, wamwache mama wa watu."

Nicanor akarudi, akachinja kuku. Kisha akawaza: kuku mzima, kwa picha? Akaweka viporo chini, vipande vipya juu. Akaonja cha juu, akameza. Mkono wa mazoea huo, hata hofu haikuuzuia.

Ukutani mtu akacheka, taratibu, kama anayecheka mjinga.

"Mitchelle," Eucabeth akaita binti yao kutoka chumbani, "niletee chakula, mwanangu. Nina njaa."

Nicanor akalia kwa furaha, akaenda kununua chapati yake. Akaimega. Ilinuka mzoga.

Sasa hoteli ni ya Eucabeth, na chakula ni cha siku hiyo hiyo. Kila mchana humpakulia mumewe, huonja mbele yake, humeza.

"Karibu, Baba Mitchelle."

Naye huitazama sahani, suruali ikimvuka kwa kukonda, halafu hutazama ukuta. Wasafiri wamerudi mahali pao, wanakula, pua hazijakunjwa tena. Ila kwenye benchi wamesogeana, wameacha nafasi ya mtu mmoja, na yule mwanamke ameshampakulia bakuli lake.