Kipanga wa Tatu

Kila Jumapili, akishamaliza kufua sare na kupiga deki, Nyamusi aliomba ruhusa kwa mama yake, Orpah, kisha akavuka barabara kwenda dukani kwa Mama Idil. Jumamosi ilikuwa Sabato, na siku za shule mama yake hakutaka hata kusikia habari za gemu. Huo ulikuwa mwaka wa 1996, mjini Migori. Mama Idil, ambaye jina lake lilikuwa Kuruthum, aliuza vitambaa, redio na vyombo vya nyumbani. Nyuma ya duka palikuwa na chumba kidogo chenye televisheni na mashine ya gemu. Humo Nyamusi na rafiki yake Idil walicheza mpaka walipoitwa.

Gemu waliyoipenda kuliko zote waliiita Kipanga, kwa sababu jina lake halisi lilikuwa limeandikwa kwa herufi za kigeni wasizoweza kuzisoma. Kipanga mdogo aliruka kutoka kisiwa hadi kisiwa akimtafuta dada yake aliyechukuliwa na upepo. Kaseti ya kwanza iliisha alipookota unyoya wa dada huyo. Ya pili iliisha akiwa amesimama juu ya mwamba, akitazama mwanga mdogo mbali baharini. Hapo skrini iligeuka nyeusi.

Nyamusi alikuwa darasa la nne alipoona mwanga ule kwa mara ya kwanza. Sasa alikuwa darasa la saba, na Kipanga wa tatu alikuwa bado hajafika. Kila Mama Idil alipokwenda Nairobi kuleta bidhaa, Nyamusi alimkumbusha. Safari moja alileta gemu ya magari, nyingine gemu ya vita, na siku moja akaleta Kipanga wa kwanza tena. Nyamusi alishukuru kwa adabu, akarudi nyumbani, akajilaza kitandani akiuwaza ule mwanga.

Aliyemwelewa zaidi alikuwa Nyangi, msichana wa Uriri ambaye likizo zote alikuja Migori kwa shangazi yake. Wawili hao waliweza kubishana jioni nzima: je, mwanga ule ni taa, ni moto, au ni macho ya dada? Likizo hii Nyangi hakuja. Alikuwa amevunjika mguu na alishinda nyumbani akiwa amefungwa plasta.

Jumapili moja Nyamusi alikuta boksi juu ya kaunta. Ndani mlikuwa na kaseti mpya, kila moja na picha ya kipanga na nambari tatu. Mama Idil alimpa moja aijaribu, kwani yeye mwenyewe hakuzijua gemu na hakutaka kuuza kitu asichokijua.

Picha ya kwanza ilikuwa mpya. Muziki nao ulikuwa mpya. Nyamusi hakungoja zaidi. Alikimbia mbele ya duka kusema kwamba kaseti ni yenyewe.

Pale kaunta alimkuta Mzee Bichage, baba yake Nyangi, ambaye alikuwa muuza ndizi. Shangazi alikuwa amepeleka habari Uriri kwamba kaseti zimefika, na Nyangi akamtuma baba yake. Mzee alimtazama Nyamusi.

"Una hakika?"

"Nina hakika, Baba Nyangi. Ni yenyewe."

Mama Idil akaifunga kaseti katika gazeti, na mzee akaenda zake sokoni akitabasamu.

Nyamusi alirudi kucheza. Alipita kisiwa cha kwanza, kisha cha pili, akaisogelea skrini. Bahari ilikuwa nyekundu na kipanga alikuwa wa kijani, lakini mawe yalikuwa yale yale, maadui wale wale, na unyoya ulikuwa mahali pale pale. Mtu fulani alikuwa ameichukua kaseti ya kwanza, akabadilisha rangi na kubandika nambari mpya.

Idil alimsihi anyamaze. Televisheni ya kina Nyangi, iliyotumia betri ya gari, haikuonyesha rangi hata kidogo. Huenda Nyangi angedhani ni kisiwa kipya kinachofanana na cha zamani. Nyamusi alitamani kukubali. Lakini akilini alimwona Nyangi akicheza peke yake, mguu juu ya stuli, akiungoja mwanga ambao usingetokea. Akaenda kumweleza Mama Idil kila kitu.

Mama Idil hakumkemea. Aliliondoa boksi kaunta, akamwachia Idil duka, akamwambia Nyamusi, "Wewe ndiye uliyemwambia ni yenyewe. Twende umwambie tena."

Walimkuta Mzee Bichage sokoni akikunja magunia. Nyamusi alisema huku ameinamisha kichwa. Mama Idil akarudisha pesa na kuomba msamaha. Mzee aliweka gunia chini.

"Tangu asubuhi nimekuwa nikiuona uso wa mtoto wangu akiipokea," alisema. "Mimi siwezi kumweleza haya mambo ya gemu. Uje wewe."

Orpah aliposikia habari hiyo alikubali mara moja, na Jumapili iliyofuata Mama Idil akampeleka Nyamusi Uriri. Nyangi alikuwa amekaa sebuleni. Nyamusi alikuwa amepanga maneno mengi, lakini yaliyotoka yalikuwa machache.

"Nilitaka sana iwe yenyewe, Nyangi. Ndiyo maana nikasema ni yenyewe. Nisamehe."

Nyangi alitazama dirishani, macho yamelowa. Kisha akauliza polepole, "Kwa hiyo hajafika bado kwenye ule mwanga?"

"Bado."

"Basi hatujachelewa," Nyangi alisema, akasogea ampishe nafasi kwenye kochi.

Walicheza Kipanga wa pili mpaka betri ikaisha nguvu, wakabishana tena kuhusu ule mwanga.

Jioni walipokuwa wakienda kituoni kupanda matatu ya kurudi, Mama Idil alieleza kwamba kaseti zote zingerudishwa kwa aliyemuuzia kule Nairobi. Kisha akasema, "Kutamani kitu si kosa, mwanangu. Lakini ukikitamani sana, hapo ndipo uangalie mara mbili kabla ya kusema. Watu waliamini neno lako."

Nyamusi alitikisa kichwa kukubali. Walitembea kidogo kabla hajauliza, "Na wa tatu, Mama Idil, atakuja?"

Mama Idil alifikiri.

"Sijui," alisema. "Ningependa kukuambia atakuja. Lakini sijui."