Fundo la Nane

Fundo la kwanza, mara tu alipoomba afungiwe, Néhémie alilikuta limekwisha fungwa, bichi, linachuruzika maji, ilhali yoti yao ilikuwa bado imetulia kwenye gati la Albertville na hakuna wimbi lililoigusa. Akalinusa. Lilinuka matope ya chini ya ziwa.

"Asante, Floribert," alisema.

"Asante ya nini?" Floribert alijibu, mdomo umejaa mkate.

Ilikuwa Julai 1963, siku ya kwanza ya shindano la matanga la kwenda Zongwe. Yoti zilikuwa sita, mashua nyembamba walizoziacha Wabeleji walipoondoka. Hii yao walipanda watu watatu: Papa Anatole, mzee wa bandari, kwenye usukani, Floribert, karani wa biro ya reli, kwenye tanga la mbele, na Néhémie, mvuvi Mubembe aliyeshuka kutoka Baraka, kwenye kamba. Na huyu mtu wa kamba hafungi fundo! Haya, cheka, nakupa nafasi. Lakini kwao mwanaume ambaye mkewe ni mjamzito hafungi fundo juu ya maji, maana anamfunga mkewe tumbo. Na Emilie alikuwa ameshikwa na uchungu alfajiri ileile. Watoto wawili wa kabla ya huyu walizikwa bila kulia hata mara moja.

Néhémie alitaka kubaki hospitalini. Emilie mwenyewe ndiye aliyemfukuza. "Nenda! Ukisimama hapo mulangoni unaniangalia hivyo, nitakufa kwa woga wako."

Basi akateremka ufukweni, akanawa uso, akasema huku macho yako majini, "Jamani, nani atanisaidia Emilie wangu ajifungue salama?" Alikuwa mtu wa kwaya, na moyoni alimkusudia Mungu. Ila jina la Mungu hakulitaja.

Bastola ya kuanzia ililia saa mbili. Kila kamba ilipotaka kufungwa, Néhémie alipaza sauti, "Nani anifungie hii?" Akigeuka, anakuta imefungwa. Yoti ilikwenda mbio ajabu. Saa nne walikuwa wamezipita tatu, saa sita wamezipita zote, na Floribert akawa anaimba kwa furaha.

"Weye fundi kweli," alimwambia Néhémie. "Unajidai hufungi, kumbe unafunga kwa siri."

"Mie? Sijashika hata moja. Si njo weye unayefunga?"

Wakatazamana. Floribert akaacha kuimba.

Ndipo upepo ulipokufa. Nyuma yao matanga matano yalilegea, ziwa likalala kimya, lakini tanga lao wao likabaki limejaa tele, na yoti ikazidi kukimbia juu ya maji yasiyo na hata kiwimbi. Papa Anatole alinyanyua uso, akaangalia tanga, kisha akaangalia mafundo.

"Néhémie," alinong'ona, "ulipokuwa unaomba kufungiwa, ulitaja jina la nani?"

"Sikutaja mutu, Papa."

"Maskini mwanangu. Hapa ziwani mutu haombi bila kutaja jina. Ukiomba hivyo, anayesikia njo anaitika. Alichokufungia unaweza kukifungua weye uliyeomba, lakini kabla chombo hakijagusa nchi. Kikigusa, wa kufungua anabaki yeye peke yake, siku akipenda. Uliomba mara ngapi?"

Néhémie akahesabu kwa vidole. "Saba."

"Fungua. Fungua yote!"

"Tunaongoza!" Floribert alilia. "Papa, utatuharibia..." Hakumaliza, kwa sababu kamba iliyokwisha fungwa kando ya goti lake ilijiinua yenyewe, ikajikaza, na maji yakaminyika humo kana kwamba kuna viganja viwili vinaivuta.

Néhémie alirukia fundo la kwanza, na alipolishika tu akasikia chini ya mbao, chini kabisa ya miguu yake, mwanamke anapumua kwa shida, na pumzi zile alizijua, ni za Emilie, na kila fundo lilipojikaza pumzi ilikatika, na kila alipolilegeza kidogo ilirudi, basi akang'ang'ana kwa kucha, kucha zikang'oka, akauma kamba kwa meno, mdomo ukajaa matope, akilia na kumwita mkewe, akitaja sasa jina la Mungu lililomponyoka alfajiri, la pili, la nne, la sita, mpaka la saba likaachia na tanga likaanguka juu yao watatu.

Kimya. Chini ya mbao hapakuwa na kitu.

Walirudi kwa kupiga makasia. Jua lilipoinama yoti iligusa gati kwa ubavu. Néhémie aliruka, akakimbia hadi hospitali bila viatu.

Emilie alikuwa amelala, mzima, anatabasamu. Mkunga, Mama Léontine, alimpa kifurushi cheupe chenye kulia kwa nguvu. "Musichana, Papa. Hongera."

Néhémie alilia mbele za watu bila aibu.

Kisha Mama Léontine akamvuta pembeni, akashusha sauti. "Papa, kuko kitu. Mutoto alitoka kitovu kimekwisha fungwa. Si mie niliyefunga. Fundo bichi, linanuka matope. Nilitaka kulifungua nifunge kwa uzi wetu, likanishinda."

"Haiwezekani, Mama. Yalikuwa saba. Yote saba nimeyafungua kwa mkono..."

Alikumbuka maji aliyonawa alfajiri, na alichoomba bila kutaja jina; na yoti ilikwisha gusa gati.

Aliingiza kiganja chake chenye damu ndani ya kitambaa, akakiweka juu ya kitovu cha binti yake, akakandamiza.

"Papa, utamuumiza mutoto," mkunga alisema. "Ondoa mukono."

Hakuuondoa.